Fundi wa Kuze na Vinanda Bubu

Kwa miaka mitatu jambo lililoninyima usingizi lilikuwa hili: ninunue kinanda cha muziki cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye vitufe ishirini na tano, arobaini na tisa, au sitini na kimoja? Najua linavyosikika. Wenzangu niliohitimu nao waliwaza kazi, wachumba na kodi ya nyumba. Mimi niliwaza kama vitufe vidogo vitaniharibu vidole, na kama vikubwa vitaenea kwenye meza yetu ya Mbaraki, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya kulia chakula. Nikimaliza la vitufe, la programu ya kutengenezea muziki laanza. Nichukue ya bure, ambayo watu wasema ina mapungufu? Ya majaribio, inayojifunga baada ya mwezi? Au ya kulipia, ambayo sitaijua hata robo yake? Nilitengeneza jedwali lenye safu kumi na nne. Safu ya mwisho niliiandika "Fundi asemaje," na kwa kweli hiyo ndiyo niliyokuwa naisoma. Nyingine zilikuwa mapambo.

Ninamwandika Fundi kama mtu aliyekwisha, na yu hai. Hilo nalo ni kosa langu, lakini sijui namna nyingine.

Alikuwa na karakana mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mawe ya ukoo wao, kwenye ujia ambao watu wawili wenye vikapu hupishana kwa kugeuka ubavu. Alitengeneza vinanda tu. Ukimletea redio alikutazama kana kwamba umemletea mbuzi. Walikuja wapigaji wa harusi, walimu wa shule, wanakwaya wa makanisa ya mjini, na wote walimwita Fundi, hata binti yake. Maadui zake walikuwa wawili na aliwalaani kila siku: chumvi iliyo hewani, inayokula shaba chini ya vitufe, na chokaa ya kuta zetu za zamani, inayodondoka unga mpaka ndani ya mashine. Dawa yake ilikuwa raba ya penseli. Aliisugua shaba taratibu, mstari baada ya mstari, kisha akaipuliza kama anayepoza uji wa mtoto.

Nilimfikia mara ya kwanza nimebeba kinanda cha kwaya yetu, mikono inaniuma.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri, Fundi. Nimeleta kinanda cha..."

"Babako hajambo?"

"Hajambo. Vitufe vitatu vime..."

"Mamako?"

"Hajambo, Fundi."

"Na nyumbani kwa jumla?"

"Hawajambo wote."

"Alhamdulillahi. Haya, weka chini. Umekibeba kama mzigo wa kuni."

Hakuwahi kumwona baba yangu, karani wa reli aliyekuja na mama kutoka bara kabla sijazaliwa. Lakini kwa miaka yote mitatu hakugusa mashine yangu kabla ya kumaliza kumuulizia. Siku ile alikitikisa kinanda, kitu kikalia ndani. Akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akatoa sarafu iliyoota kutu.

"Sadaka hii haikufika," alisema. "Mpelekee padri."

"Sisi tuna mchungaji, Fundi."

"Basi mpelekee mchungaji. Mwambie nimemhifadhia, asiniulize faida."

Nikacheka, na kwa kicheko hicho nikawa mtu wa pale. Alipojua nimesomea kompyuta chuo kikuu na sina kazi, aliacha kuniita mwanangu, akaniita Msomi. Sikujua kama ni heshima au dhihaka. Niliwaza juu ya hilo wiki nzima.

Alikuwa na namna yake ya kupima chombo. Kwanza alikigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kisha alikinusa, alidai harufu ya saketi iliyoungua hukaa miaka. Mwisho alifumba macho na kubonyeza kila kitufe kwa kidole cha mwisho, kutoka kushoto hadi kulia, asiruke hata kimoja. Akifika mwisho alifumbua macho na kutaja kasoro. Daima kulikuwa na kasoro. Watu walimsifu kwa hilo: Fundi hadanganyi, Fundi hauzi maneno. Wapo waliomletea kinanda kipya cha dukani kikiwa bado na nailoni, wakiomba akione kabla hawajalipa. Aliwaambia, "Bado. Kitakuja kilicho bora." Wakakirudisha.

"Ukianzia kibovu, mkono wajifunza ubovu," alikuwa akisema. "Na mkono hausahau. Kitwa chasahau, mkono hausahau."

Niliyameza maneno hayo. Mtu mwenye wasiwasi akipata mtu wa kumwambia asubiri, humpenda kupita kiasi. Kila mwezi nilimpelekea picha za vinanda kwenye simu. Chenye vitufe vidogo alisema ni cha kuchezea watoto. Cha arobaini na tisa alisema vitufe vyake vyepesi, vitalia hata mbu akitua. Cha sitini na kimoja alisema hakina kifua. Nilikuwa nikirudi Mbaraki kwa miguu nimetulia kabisa, kama aliyetoka kwa daktari na kuambiwa haumwi.

Kwa asiyejua, nieleze jambo moja. Katika muziki wa harusi zetu za pwani mna sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili, si za huku wala za kule. Wenyewe huziita robo. Kinanda cha kawaida hakina pa kuziweka. Vinanda vya wapigaji wa harusi vina swichi ndogo ndogo juu ya vitufe. Ukiibana moja, sauti yake hushuka kwa robo, na wimbo unapata ule uchungu wake. Kwa Fundi, chombo kisicho na swichi hizo kilikuwa meza.

Ndiye aliyenifundisha kuisikia robo, mimi niliyekulia kwenye nyimbo za kanisani. Alibonyeza sauti ya tatu katika ngazi ya wimbo, ikiwa nzima, akabana swichi, akabonyeza tena.

"Wasikia?"

"Nasikia, Fundi."

"Mwongo wewe. Wasikia kwa sababu umeona kidole changu. Geuka utazame ukuta."

Nikatazama ukuta, miezi kadhaa, mara moja au mbili kwa juma, na chokaa ikinidondokea kwenye nywele. Siku nilipoipata mara kumi mfululizo hakunipongeza. Aliagiza kahawa vikombe viwili. Kabla ya hapo alikuwa akiagiza kimoja.

Sasa nifike kwa Swaleh.

Swaleh alikuwa kijana mpigaji wa harusi, mwenye vidole vizuri na haraka nyingi. Siku moja alikuja na kinanda cha kompyuta cheusi, chembamba, cha arobaini na tisa. Tulikuwa watu kama sita pale. Fundi alikigonga, akakinusa, akafumba macho, akabonyeza kuanzia kushoto. Hakikutoa sauti. Akabonyeza mpaka mwisho wa kulia bila kuruka hata kimoja, kwa uaminifu wake ule.

"Umeme upo?" aliuliza.

"Taa yawaka, Fundi."

"Tundu la spika liko wapi?"

"Hakina, Fundi. Hiki chataka kompyuta. Sauti zatoka kule."

"Yaani bibi harusi yuwangoja ukumbini, wanawake washakaa, na wewe watafuta kompyuta?" Watu wakacheka. "Na swichi za robo?"

Swaleh akakigeuza huku na huku. "Sijaziona."

"Hujaziona kwa sababu hazipo. Umeuziwa bubu, baba. Bubu, tena hana robo." Kisha akanigeukia. "Au vipi, Msomi?"

Nilikuwa najua. Jioni ya siku iliyotangulia nilikuwa nimesoma jambo hili mpaka macho yakauma. Kinanda cha namna ile hakitoi sauti, hutuma namba tu: kitufe gani, kimebonyezwa kwa nguvu gani. Sauti yenyewe iko katika programu, na zipo programu, hata za bure, zinazokuwezesha kuishusha sauti yoyote kwa robo, au kwa robo ya robo, upendavyo. Swichi alizozitafuta Fundi zilikuwapo. Hazikuwa mahali alipokuwa anatazama. Kosa lile asingelifanya mtu asiyejua vinanda. Lilihitaji mtu anayejua kabisa kinanda kinavyopaswa kuwa.

Sentensi ilikuwa imeshapangika kinywani. Nikawaza: watu sita. Nikawaza: mzee wa mtu, karakana yake. Nikawaza: je, kama nimesoma vibaya? Na chini ya yote hayo, kwa siri, nikawaza kwamba kama bubu ana robo, basi sina tena sababu ya kutonunua.

"Ni kweli, Fundi," nikasema.

Swaleh alikirudisha kinanda chake juma lile lile. Siku hizi anaendesha tuktuk. Huwa ananipakia, huniuliza habari za nyumbani na kupokea nauli yangu, na mimi hutazama nje. Sijawahi kumwambia. Pengine angeacha muziki hata hivyo, watu huacha. Hilo ndilo ninalojiambia, na halinisaidii.

Habari ya kinanda kile ilienea. Wapigaji wa harusi wa Mji wa Kale wakajua kwamba mashine za kompyuta ni bubu, Fundi amezipima. Kila nilipoisikia kauli hiyo nilipata nafasi mpya ya kusema, na kila mara nikaona imechelewa kidogo kuliko jana.

Sitaki aonekane mtu mbaya. Japo alikuwa wa vinanda tu, vipaza sauti vya madrasa ya mtaani alivitengeneza bila kuombwa. Alitukana wateja wake wote, na hakumrudishia yeyote kinanda kikiwa na vumbi. Aliwakataza watu kupiga chombo chenye kasoro, na yeye mwenyewe alikuwa na kinanda kizee chenye vitufe viwili visivyolia, ambacho hakuwahi kukitengeneza. Alipodhani ujia ni mtupu alikipiga. Nilimkuta mara tatu. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, hauna maneno, na pale palipohitaji vile vitufe viwili aliimba kwa pua, halafu vidole vikaendelea.

"Fundi, niurekodi kwa simu?" nilimwomba mara ya tatu.

"Simu yabana sauti. Wataka watu wausikie ukiwa umebanwa?"

"Basi tuufanyeje?"

"Bado. Sijapata chombo chake."

Wimbo huo alikuwa nao, alivyoniambia, tangu kabla binti yake hajaolewa. Binti yake ana watoto wanaosoma sekondari. Nilipaswa kushtuka. Badala yake nilifurahi kumpata mtu mzima, mwenye heshima, aliye kama mimi.

Mwaka wa pili Rehema alinipigia simu. Tulisoma pamoja, sasa anatengeneza vipindi vifupi vya watoto vya kutazama kwenye simu. Alitaka mlio wa nusu dakika, kitu chenye ladha ya pwani.

"Wewe si ndiye uliyekuwa ukiongea muziki chuo kizima? Nipe kwa Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa, dada. Hii inayokuja."

Nikamwomba juma la pili. Akanipa. Nikaenda kwa Fundi na picha za vinanda vitatu, akavikataa vyote. Nikapakua programu nne, nikafungua kila moja hadi ukurasa wa kwanza, nikasoma watu wanavyozigombania mtandaoni. Alhamisi ya pili Rehema aliniandikia kwamba ameshapata, kuna kijana wa Likoni kamfanyia kwa kikinanda cha vitufe ishirini na tano. Mlio wenyewe nausikia mpaka leo kwa mtoto wa jirani, kupitia ukuta. Si mzuri. Sauti ya tatu ni nzima, haina robo, imekaa pale kama kiatu kisicho cha mwenyewe. Upo, lakini, na wangu haupo.

Masikio ya Fundi yalianza kuondoka bila yeye kutangaza. Kwanza aliacha kufumba macho. Halafu akaanza kuwaambia wateja wabonyeze wenyewe huku kiganja chake kikiwa juu ya chombo, kana kwamba anapima homa. Siku moja alinibonyezea sauti mbili, akaniuliza ipi iko chini. Nilidhani ananijaribu. Nilipojibu aliitikia haraka mno, na nikaelewa kwamba hakuwa akinijaribu. Baada ya Ramadhani nikakuta mlango una kufuli. Binti yake akaniambia Fundi anapumzika juu.

Niliacha miezi ipite. Nilikuwa nawaza nitakachosema.

Mwezi uliopita nikaenda, na laptopu begani. Binti yake akanifungulia.

"Karibu. Kaa upande wake wa kulia. Na usipige kelele, hapendi. Sema taratibu tu, wazi."

Fundi alikuwa amekaa kitandani, kofia yake safi, mikono juu ya magoti. Alimuulizia baba, akamuulizia mama, akauliza nyumbani kwa jumla. Nilijibu yote taratibu, wazi. Kisha nikafungua laptopu. Nilikuwa nimechagua programu ya bure, ile ya kwanza kwenye jedwali, inayokuruhusu kupiga kwa vitufe vya herufi kama huna kinanda. Nilikuwa nimeishusha sauti ya tatu na ya saba kwa robo. Kazi hiyo ilinichukua dakika kumi. Miaka mitatu, na kazi yenyewe dakika kumi.

Nikamvika hedifoni, nikapiga.

Alisikiliza amekunja uso. Akazisukuma hedifoni zimshike zaidi. Akaweka kiganja juu ya laptopu, akakiondoa.

"Hii ni robo?"

"Ndiyo, Fundi. Ni programu. Hata bubu wa Swaleh angeitoa."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. "Siku ile ile," nikasema. "Uliponiuliza."

Mungu anisamehe, nilitumaini hakusikia.

"Mbona hukusema?"

"Palikuwa na watu. Sikutaka kukuvunjia heshima."

"Heshima!" Akavua hedifoni, akanirudishia mkononi. "Umeniheshimu mpaka nimekuwa kiziwi. Miaka miwili nyuma ningaliisikia hii. Leo nasikia kama watu wanazungumza nyumba ya tatu."

Binti yake alisimama mlangoni. Mimi nilianza kulia, Fundi akanikemea kwa mkono, kama anayefukuza kuku.

"Wacha hayo. Ule wimbo wangu waujua?"

"Mwanzo tu, Fundi."

"Ndoo, sogea karibu. Sikiza."

Akauimba kwa pua. Mwanzo ulikuwa wenyewe. Halafu sauti ikaanza kupanda pasipo pake, robo zikawa nzima, nzima zikawa si kitu, naye hakujisikia. Nilikuwa nafuata kwa vitufe vya herufi, vidole vinagongana. Alinitazama usoni na akajua. Akaanza upya. Ukaharibika mapema zaidi. Mara ya tatu alifungua kinywa na kukifunga.

"Si hivyo," alisema. "Sivyo ulivyo."

"Nauelewa, Fundi."

"Huelewi. Umenunua chombo?"

"Sijanunua."

"Wangojea nini sasa? Mimi nlingojea chombo kizuri. Wewe wangojea nikwambie?" Sauti yake haikuwa na huruma yoyote, na sikuistahili. "Haya, nenda. Msalimie babako."

Nilishuka ngazi. Ilikuwa saa nane mchana na jua limeingia hadi chini ya ujia. Sikuita tuktuk, niliogopa lingekuwa la Swaleh, na niliogopa zaidi kwamba njiani ningefikiri. Nikaenda moja kwa moja hadi duka la vyombo vya muziki mjini. Kile cha sitini na kimoja hawakuwa nacho. Cha arobaini na tisa kilikuwa kimoja, cha maonyesho, sanduku lake limepotea.

"Nikuunganishie kwanza ukijaribu?" muuzaji aliuliza.

"Hapana. Nipe hivyo hivyo."

"Kitufe cha mwisho huku kimelegea kidogo, dada, nisikufiche. Wiki ijayo vyaja vipya."

"Nipe hicho."

Nilifika nacho nyumbani, nikaondoa sahani na chupa ya chai mezani, nikachomeka waya. Mama aliuliza chakula kitaliwa wapi. Nikamwambia leo tutakula mkekani. Nikafungua ile programu ya bure na sikufungua nyingine. Nikapiga mwanzo wa wimbo wa Fundi, ule ninaoujua, na palipoishia kumbukumbu yangu nikaendelea na sauti za kwangu, nikikosea. Sijui kama robo zimekaa pake. Aliyekuwa na masikio ya kuniambia hanayo tena. Nilibonyeza kuhifadhi, nikamtumia Rehema, na nilipoona umefika nikafuta jedwali.